AML ikirudi au ikigomea dawa: jinsi ya kujipanga kabla dripu ya kwanza haijafunguliwa

Naandika hii kwa ajili ya anayeuguza. Dokta ana vitabu vyake, nesi ana chati yake, we uliyekaa kwenye kiti cha plastiki na mfuko wa machungwa mapajani ndo huna pa kushika. Mi sio dokta wala nesi, ni mhasibu, ila mdogo wangu wa kiume aliumwa lukimia kali ya mailoidi, saratani ya damu ile wanayoiita AML, akiwa na miaka 27, akatibiwa Dar akapata nafuu vizuri kabisa, miezi 9 baadae ikarudi, tukaenda nae India na nikalala kwenye kochi jembamba pembeni ya kitanda chake wiki sita. Sasaivi yuko mwaka wa pili toka apandikizwe uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na anabishana mpira kama kawaida. Haya ni yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akanambia mapema. Dozi na maamuzi ni ya dokta wenu, mi nakupa maswali ya kuuliza na vitu vya kukodolea macho.

Tuelewane kwanza maneno. Kemo, yaani dawa za kuua saratani, ya mwanzo kwa wagonjwa wengi wenye nguvu ni ile ya siku 7 za sitarabini na siku 3 za daunorubisini, imetumika toka miaka ya 1970. Ikiisha wanachoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wanavuta uloto na kuhesabu seli changa mbovu, wanaziita blasti. Zikiwa chini ya asilimia 5 na damu nyingine imerudi kawaida wanasema nafuu kamili. Zikipanda tena kufika asilimia 5 na kuendelea, au zikaanza kuonekana kwenye damu ya mkononi, ugonjwa umerudi. Na kuna wale ambao hata baada ya raundi mbili za kemo nzito hawajawahi kuifikia hiyo nafuu, hapo wanasema ugonjwa umegoma. Kote kuwili dawa inayofuata inaitwa kemo ya uokozi.

Sasa hilo neno uokozi ndo lilinipoteza. Nikajua ni kemo kubwa zaidi ambayo itamaliza kazi, tukimaliza tunarudi nyumbani. Kumbe hapana. We chukulia kama pantoni ya Kigamboni, inakuvusha tu, na hupandi pantoni kwasababu unataka kuishi juu ya maji, unapanda kwasababu kuna kitu ng'ambo. Ng'ambo ya hii kemo, kwa mgonjwa anayeweza kustahimili, ni kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Nafuu inayopatikana kwa kemo ya uokozi peke yake mara nyingi haikai, ni miezi, na ikiondoka inaondoka na nguvu za mgonjwa. Kwahiyo swali la kwanza kabisa kumuuliza dokta, kabla hata hujauliza dawa gani na bei gani, ni hili: akipata nafuu, tunaenda wapi, na huyo wa kumtolea uloto ni nani?

Tafuta mtoaji siku ile ile

Sisi raundi ya kwanza hakuna aliyetuambia tupimwe, na sisi wenyewe hatukuuliza, tulikuwa bize kushangilia. Ugonjwa uliporudi ndo tukaanza kukimbizana na vipimo huku blasti zinapanda. Usifanye hivo. Kipimo kinaitwa HLA, kinaonyesha nani anafanana na mgonjwa, ni damu kidogo au usufi wa kupaka ndani ya shavu, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, ndo maana nasema siku ile ile.

Ndugu wa baba mmoja mama mmoja kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na mgonjwa kabisa. Kama hamna, usikate tamaa, baba, mama na watoto wa mgonjwa wanafanana nae nusu, na siku hizi nusu inatumika sana tu toka madaktari waanze kutoa siklofosfamidi siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikiza ili kutuliza seli za mtoaji zisimshambulie mwenye mwili. Hata ndugu wa baba mmoja mama tofauti anaweza akafanana nusu, na kwa familia zetu hizi hiyo ni hazina, msiwaruke watoto wa nyumba ndogo kwasababu ya ugomvi wa mirathi. Ila niseme kabisa, kipimo hiki kinaweza kufumua mambo ya nani ni baba wa nani, kwahiyo majibu yaende kwa dokta na mgonjwa, sio kusomwa kwa sauti kwenye grupu la familia.

Orodha za wachangiaji wa dunia zipo, lakini usizitegemee sana. NMDP, wanaotunza orodha ya Marekani, wenyewe wanasema mzungu ana nafasi ya asilimia 79 kumpata mtu aliyefanana nae kabisa, mtu mweusi 29, na hapo wanazungumzia weusi wa kwao. Sisi huku wachache sana tumejiandikisha popote. Mtoaji wako yuko kwenye picha ya harusi iliyoko sebuleni.

Na kuna kitu Wajerumani wamekifanya, matokeo yake yalitoka 2024, mi naona kila familia ingekijua. Walichukua wagonjwa ambao AML imerudi au imegoma na mtoaji wao ameshajulikana au karibu anapatikana, nusu wakapewa kemo nzito ya uokozi kwanza, nusu wakapelekwa kupandikizwa haraka bila kusubiri nafuu, matokeo yakakaribiana. Sio kwamba kila hospitali itafanya hivo, wala sio kwamba kemo haina kazi, lakini inaonyesha uzito uko wapi. Kama una mtoaji mkononi una njia mbili. Kama huna, una pantoni tu.

Vipimo virudiwe vyote

Usikubali watumie makaratasi ya mwaka jana. Ugonjwa unaorudi unaweza kuja na sura nyingine, jeni ambayo mwanzo ilikuwa safi saivi imebadilika. Omba wapime jeni za FLT3, IDH1, IDH2, na kama hospitali ina uwezo wa kupima jeni nyingi kwa pamoja ndo bora zaidi. Sababu ni kwamba FLT3 iliyobadilika inakutwa kwa kama watu 3 kati ya 10 wenye AML, na wenye nayo wana kidonge kinaitwa gilteritinibu. Kwenye utafiti uliotoka 2019, wagonjwa 371, waliopewa kidonge nusu yao walifika miezi 9.3, waliopewa kemo ya uokozi 5.6. Najua ni namba za kuumiza zote mbili, lakini kidonge kilishinda dripu, na mtu anaweza kukimeza akiwa nyumbani. IDH1 ina ivosidenibu, IDH2 ina enasidenibu. Hivi vidonge vina janja yao moja, vinazikomaza blasti badala ya kuziua tu, sa nyingine zinakomaa kwa fujo, mgonjwa anapata homa, anahema kwa shida, uzito unapanda ghafla, anavimba. Ukiona hivo usisubiri asubuhi, piga simu, inatibika kwa deksamethasoni ikiwahiwa.

Huyu wetu FLT3 ilikuwa hasi, IDH zote hasi. Tukabaki na kemo.

Kuhusu uwezekano, uliza kwa namba kama unaweza kuzibeba. Mwaka 2005 madaktari wa Uholanzi walitoa kipimo cha pointi kwa wagonjwa wa miaka 15 mpaka 60 ambao AML imerudi kwa mara ya kwanza. Wanaangalia vitu vinne: nafuu ilikaa muda gani, kromosomu za ugonjwa zilikuwaje mwanzoni, umri, na kama alishawahi kupandikizwa. Kundi zuri, watu 46 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kundi la kati 18. Kundi baya 4, na wengi waliangukia huko. Dogo na miezi yake 9 na kromosomu za kawaida akaangukia la kati. Ni namba za zamani kabla ya hizi dawa mpya, ila zilinisaidia kujua napigana na kitu cha ukubwa gani. Yeye sikumwambia mpaka aliponiuliza, na aliponiuliza nilimwambia.

Hiyo dripu ina nini ndani

Utasikia majina kama ya vituo vya redio: FLAG-IDA, MEC, CLAG-M. Karibu zote ndani yake kuna sitarabini, ila kwa dozi kubwa sana kuliko mara ya kwanza. FLAG-IDA ndo tuliyopewa sisi. Inaanza na sindano ya chini ya ngozi ya filgrastimu, inawaamsha wale blasti waliolala, manake kemo inamuua vizuri aliye macho anayejigawa. Afu fludarabini dripu fupi ya kama nusu saa. Afu mnakaa mnasubiri masaa manne, sio kwamba nesi kasahau, ni makusudi, fludarabini inaifanya seli mbovu ijaze sitarabini nyingi zaidi ndani yake. Afu ndo sitarabini yenyewe, masaa kadhaa. Siku 5 mfululizo, na siku 3 kati ya hizo kuna idarubisini, ile nyekundu kama juisi ya rozela. MEC ni mitoksantroni, etoposidi na sitarabini. CLAG-M ina kladribini badala ya fludarabini, na mitoksantroni.

Mkojo ukitoka mwekundu au wa chungwa siku ya idarubisini, sio damu, ni rangi ya dawa. Kwa mitoksantroni mkojo unakuwa wa bluu au kijani na hata weupe wa jicho unaingia ubluu kidogo, inapita baada ya siku moja mbili. Nimeona mama mmoja wodini amepiga ukunga kwa ajili ya hilo na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kabla ya kuanza hakikisha eko ya moyo imefanyika, na dokta mpya ana jumla ya daunorubisini aliyopewa mgonjwa raundi ya kwanza. Hizi dawa nyekundu moyo unazihesabu maisha yote, haurudi sifuri. Hospitali mpya haiwezi kujua kama hujaja na karatasi, kwahiyo kabla hujaondoka hospitali ya kwanza omba muhtasari wenye jina la kila dawa, dozi na tarehe, piga picha, jitumie mwenyewe kwa imeili.

Kingine ambacho watu wetu wa pwani wasikiache: G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Blasti nyingi zikifa kwa mpigo zinamwaga uchafu kwenye damu mpaka figo zinazidiwa, na kuna dawa ya kuokoa inaitwa rasburikesi. Mwenye upungufu wa G6PD akipewa hiyo chembe zake nyekundu zinapasuka. Upungufu huu kwetu ni wa kawaida tu, wengi wanao na hawajui. Kipimo ni rahisi. Omba kifanyike kabla.

Daftari

Sitarabini ya dozi kubwa inaweza kugusa ubongo mdogo wa kisogoni, ule unaoshika mizani na mkono. Hatari zaidi kama figo hazifanyi kazi vizuri, ndo maana wanachukua damu ya figo kila siku. Inaanza kimya kimya: maneno yanavutika kama mlevi, mkono unatetemeka ukikaribia kikombe, miguu inatafuta sakafu. Ikionekana dawa inasimamishwa hapo hapo.

Wanavyoipima ni rahisi mpaka inashangaza. Kila siku kabla ya sitarabini sista alikuja na kumwambia aguse pua yake kisha kidole cha sista, haraka haraka, atembee kisigino kikigusa dole gumba, na aandike sentensi moja ile ile kwenye karatasi. Mi nikanunua daftari la shule. Sentensi ni yako kuchagua, dogo akachagua "Yanga bingwa", sista anauliza maana yake nini, anajibiwa ni sala. Siku ya 1, ya 2, ya 3 mwandiko uko sawa. Siku ya 4 mstari ukashuka kama unateleza kilimani na ile g ya mwisho mkia ukagonga ukingo wa ukurasa. Sista hakusema kitu, akaziba dripu, akaita dokta, wakamtembeza, wakamgusisha pua, wakasoma figo. Baada ya kama saa mbili wakaamua ni usingizi wa dawa ya kutapika aliyopewa alfajiri, aliandika tena akiwa macho na mstari ukanyooka, wakaendelea. Kama hospitali yenu hawafanyi hivi, fanya we mwenyewe, daftari ni bei ya chapati, na ukiona tofauti mwonyeshe nesi kurasa mbili pamoja, ya jana na ya leo, usianze kuelezea.

Na macho. Hiyo hiyo sitarabini inatoka kwenye machozi na kuchoma jicho, kwahiyo kuna matone ya steroidi ya kuweka mara nne kwa siku kuanzia dawa inapoanza mpaka siku moja au mbili baada ya kuisha. Usiku nesi anaweza kusahau, weka alamu. Jicho likiwa jekundu na linahisi mchanga, sema.

Siku ya 6 na kuendelea, hapo ndo vita

Watu wanadhani kemo ni zile siku tano. Zile siku tano ni sherehe. Dawa ikishaisha ndo damu inaporomoka, chembe nyeupe zinafika sifuri na zinakaa huko wiki tatu mpaka tano, na mtu anayekufa kwenye kemo hii mara nyingi anakufa hapa, kwa bakteria au fangasi.

Sheria ni moja: joto 38.3 mara moja, au 38.0 likikaa saa nzima, ni dharura, na antibiotiki ya kwenye mshipa iingie ndani ya saa moja. Huku kwetu homa maana yake malaria, ukimpeleka mtu hospitali ya mtaani na homa watataka kuchoma kidole na kusubiri majibu. Wapime malaria ndio, lakini antibiotiki isisubiri foleni ya maabara. Kama mgonjwa anakaa nje ya wodi, andika kadi aiweke kwenye pochi: nina lukimia, niko kwenye kemo, chembe nyeupe ziko chini, antibiotiki ndani ya saa moja, na namba ya simu ya dokta wake. Usimpe panadol kabla ya kupima joto, utaficha moto chini ya mkeka. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni asiguse, zitamtoa damu. Hakuna sindano ya tako, hakuna dawa ya kuweka nyuma wala themomita ya huko.

Siku ya 11, saa tisa usiku, nikaamshwa na kitanda kinagonga ukuta. Dogo anatetemeka meno yanagongana, ananambia "dada usimwambie sista, watanitoboa tena". Themomita inasoma 37.8. Nikakaa pale kama dakika mbili najishauri, namba iko chini ya 38 na mtoto wa watu kachoka kutobolewa. Nikabonyeza kengele. Wakachukua damu ya kuotesha, wakaanza antibiotiki, nusu saa baadae joto 39.4. Kesho yake jioni bakteria akawa ameota kwenye chupa. Kutetemeka hata bila joto ni homa, ihesabu hivo hivo.

Chakula mi naona watu wanatishana sana. Cha moto kilichopikwa muda huo huo, yai liive, kachumbari aisahau kwa muda, tunda uoshe umenye mwenyewe kwa mikono misafi. Ile menyu kali ya kukataza karibu kila kitu tafiti hazijaonyesha inazuia maambukizi, na mgonjwa asiyekula anadhoofika mbele ya macho yako. Balungi ndo akatae kabisa kama yuko kwenye dawa ya venetoklaksi au vidonge vya FLT3, linapandisha dawa mwilini. Na mizizi, mlonge, unga wa shangazi kutoka Tanga, mpokee kwa heshima, mshukuru, uweke kabatini. Mdomo asukutue maji ya chumvi mara nyingi, mswaki laini, mswaki wa mti hapana.

Damu

Pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, zikishuka chini ya 10,000 wanaongeza hata kama havuji. Pleteleti haziwekwi akiba kama mchele, zinakaa siku 5 tu, kwahiyo watu wako 20 wakija kuchangia Jumatatu wote kwa upendo, Jumamosi huna kitu. Tengeneza orodha yenye jina, kundi la damu, simu na siku yake. India hospitali nyingi zinataka familia ilete watu, na sisi tulikuwa wawili tu, tukaokolewa na wanafunzi wa Kitanzania wa chuo cha jirani, walikuwa wanakuja wawili wawili baada ya vipindi na kulipwa wali kuku.

Mambo mawili hapa ambayo hata wahudumu wanasahau. Ndugu wa damu ambaye anaweza kuja kuwa mtoaji wa uloto asimchangie mgonjwa damu wala pleteleti, mwili wa mgonjwa unaweza kutengeneza askari dhidi yake na ukamkataa baadae. Ndugu wachangie benki kwa ajili ya wengine. Na mgonjwa aliyepewa fludarabini au kladribini damu yote anayoongezewa ipigwe mionzi kwanza, la sivyo chembe nyeupe za mchangiaji zinaweza kumgeuka na hilo halina tiba ya kueleweka. Kila mfuko ukija soma stika. Mara moja nilikuta mfuko hauna, nikasema samahani sista, ukarudishwa, hakuna aliyenichukia.

Hela

Omba makisio ya safari nzima, sio ya kemo. Dawa za kemo zenyewe hazikuwa ndo kitu kikubwa kwenye bili yetu, kilichotumaliza ni wiki za kitanda, dawa za fangasi, antibiotiki za bei mbaya, na damu. Afu juu yake upandikizaji. Kama hela zilizopo zinatosha kemo tu na hamna njia ya kufika kwenye uloto, kaeni chini na dokta muongee kwa uwazi kabla, manake kuna familia zinauza kiwanja kununua safari isiyo na gati ya kushukia.

Kama asipoweza au asipotaka

Mzee wa miaka 72 mwenye moyo mchovu FLAG-IDA inaweza kumuua haraka kuliko ugonjwa. Kuna venetoklaksi na azasitidini, laini zaidi ingawa nazo zinashusha damu. Kuna haidroksiyurea ya kushikilia hesabu zisipande, damu ya kuongezewa, na dawa za maumivu zinazoeleweka. Kusema basi inatosha ni jibu halali, na sio kumtupa mtu. Afrika Mashariki kwenye hili tuna cha kujivunia, Hospice Africa Uganda iko toka 1993 na imefundisha watu wengi kutumia mofini ya kunywa, ile ya chupa, mtu akalala kwao bila kulia usiku. Uliza huduma ya tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso, mapema, hata kama mnaendelea na kemo, wanajua mambo ya kichefuchefu na usingizi ambayo madaktari wa lukimia hawana muda nayo.

Majibu, na pasi ya baba

Chembe zikianza kurudi, kwetu ilikuwa siku ya 31, wanachoma uloto tena. Hiyo siku usipange kitu kingine. Yakija mabaya kuna njia nyingine, jeni, majaribio ya dawa, kupandikiza hivo hivo, au kupumzika. Yakija mazuri usirudi nyumbani kusherehekea, mlango umefunguka na haukai wazi muda mrefu.

Ndo maana mtoaji awe tayari kabla. Kama mnaenda India, ulizeni mapema kama wanataka kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa. Mgonjwa wenu hiyo chanjo asichomwe, ni chanjo hai, aandikiwe cheti cha msamaha na dokta. Mtoaji nae achomwe mapema sana na amtajie dokta wa upandikizaji tarehe, kwasababu wanataka wiki kadhaa zipite kati ya chanjo hai na kutoa uloto. Sisi baba ndo alifanana nusu, nilimpeleka kuchanjwa wiki ile ile ugonjwa uliporudi, kabla hata hatujajua kama atahitajika, akalalamika njia nzima, "mi natoa uloto au naenda vitani?" Viza ya msindikizaji wa mgonjwa ikaombwa kipindi dogo yuko kwenye antibiotiki.

Blasti zilisoma asilimia 2. Nilimpigia baba pale pale kwenye korido, na siku ya nane akatua na kadi yake ya njano, pasi, na kilo mbili za sembe ambazo sijui aliwaambia nini watu wa forodha.